Kuipeleka familia Jozani siku nzima: mwongozo kamili kuanzia kuhesabu mwezi mpaka kurudi mjini

Watu wa mjini wakishasema "wikiendi hii tunawapeleka watoto Jozani" mjadala wote unakuwa wa gari na chakula, nani analeta sambusa, nani anamjua dereva mwenye Noah isiyozima njiani, alafu siku ikifika wanakuta maji yamejaa mikokoni na kaa haonekani hata mmoja, wakienda Paje jioni kuogelea nako bahari imetoka hadi huko mbali, watoto wanabaki kuchezea mchanga na majani ya bahari. Chakula kilikuwa kizuri, gari halikuzima, tatizo lilikuwa tarehe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na tarehe, mengine yatafuata.

Kwa asiyeijua: Jozani ipo kusini mwa Unguja, kama kilomita 35 toka Zanzibar mjini, jina lake rasmi ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilitangazwa 2004, ukubwa wake kama kilomita za mraba 50, na 2016 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya hifadhi zinazochanganya mazingira na maisha ya watu. Kwa familia ina raha moja kubwa, kwamba ndani ya asubuhi moja unapata msitu mkubwa, kima punju, wale wa mgongo mwekundu ambao hawapo kwengine kokote duniani zaidi ya hapa Zanzibar, na njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, vyote kwa kutembea kidogo kidogo. Na ukitoka hapo pwani ya Paje ipo nusu saa tu mbele.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe, na tarehe inatafutwa kwa mwezi

Hapa kwetu kila mtu anajua bamvua na maji mafu, lakini likija suala la kupanga matembezi tunayasahau kabisa. Ipo hivi. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa 15 (yaani siku ya 15 tangu uandame, siyo mwezi wa kalenda ya kizungu), bahari inakuwa kwenye bamvua, inatoka sana na inajaa sana, na kwa Unguja siku hizo maji yanakuwa yametoka kabisa asubuhi kati ya saa 4 na saa 5, alafu yanajaa kabisa jioni kati ya saa 10 na saa 11. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi ukifika 7 au 8, au 22 au 23, mambo yanageuka, maji yanajaa asubuhi na yanatoka alasiri, tena hayatoki sana wala hayajai sana, ndo hayo maji mafu.

Sasa angalia inavyokaa. Mikoko inanoga na watoto maji yakiwa yametoka, maana ndo kaa wanatoka mashimoni na mizizi inaonekana yote. Kuogelea Paje kunanoga maji yakiwa yamejaa. Siku ya bamvua vyote viwili vinajipanga vyenyewe, asubuhi mikoko, jioni bahari, hulazimishi kitu. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta Jumamosi au Jumapili inayoangukia mwezi 1 au 2, au mwezi 14 mpaka 16, na kalenda ya mwezi ipo kila nyumba hapa, hata ile ya kubandika ukutani ya mwaka jana usiitupe uitumie kujifunzia. Ukishaipata siku hakikisha na jedwali la maji kwenye simu, au muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kutazama popote. Zingatia kwamba maji huchelewa kidogo kufika ndani kwenye mikoko kwa sababu yanapita kwenye mkono wa bahari, kwa hiyo usiende kwa dakika, nenda kwa makadirio.

Msimu pia. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, sikushauri na watoto wadogo, msitu wa Jozani umekaa bondeni na maji ya chini yapo karibu na uso wa ardhi, mvua ikinyesha mfululizo sehemu nyingine zinajaa maji kabisa. Juni mpaka Septemba ndo kuzuri zaidi, kuna upepo wa kusi na jua halichomi sana. Januari na Februari pia pakavu lakini joto lake unalijua. Vuli ni bahati nasibu, mvua ya saa moja alafu jua, unaweza kwenda ila mfukoni uwe na mpango mwengine.

Hatua ya 2: Panga nani anakwenda

Siku inaamuliwa na mdogo kuliko wote na mzee kuliko wote, hawa wa katikati watajipanga. Mtoto wa miaka 5 kwenda juu anatembea mwenyewe bila matatizo. Chini ya hapo ujue atabebwa robo tatu ya njia, sasa nani anambeba na kwa nini, mkubaliane nyumbani. Kigari cha mtoto kiacheni, mizizi imejaa njiani mtakibeba nyinyi. Kanga mbili nzuri na mgongo wa shangazi mwenye nguvu zinatosha.

Bibi mwenye magoti mabovu asiachwe nyumbani. Watu wengi hawajui kwamba kima wenyewe mara nyingi hawapo ndani kwenye msitu mkubwa, wapo pembeni karibu na barabara na kwenye mashamba ya watu, hatua chache kutoka getini, kwa hiyo bibi anaweza kuwaona vizuri kabisa alafu akakaa kivulini na chai yake wakati nyinyi mnaingia ndani. Mwenye kiti cha magurudumu nitasema ukweli, njia za msituni hazimfai.

Mwenye mafua au kikohozi abaki, hata kama ameshavaa. Kima ni jamaa wa karibu wa mwanadamu na maradhi yetu wanaweza kuyapata, na waongozaji wanalisisitiza hilo.

Hesabu nzuri ni mtu mzima mmoja kwa kila watoto wawili. Ukienda na watoto wa skuli nzima ya madrasa hiyo siyo matembezi ya familia tena, hiyo ni ziara, inahitaji barua na mpango mwengine.

Hatua ya 3: Gari

Daladala zipo, za Makunduchi, Kizimkazi, Paje na Jambiani zote zinapita mlangoni pa hifadhi, mwambie konda "Jozani" atakushusha. Ni rahisi sana na kwa vijana ni sawa, lakini kwa familia yenye deli, kikapu na mtoto anayetaka kulala saa 7 mchana mimi naona mateso, afu kurudi jioni kutoka Paje gari zinapungua kadri magharibi inavyokaribia na hiyo moja inayokuja imeshajaa samaki na watu.

Kodi Noah, au kama mko wengi kodi Hiace nzima mgawane na familia nyingine. Kwenye kuelewana na dereva taja vitu vyote kabla ya bei: mnaondoka saa ngapi, mnasimama wapi na wapi (Jozani, mikoko, Paje), anasubiri muda wote au anawaacha na kurudi, mafuta ya nani, na chakula chake mchana mmempangia au vipi. Madereva wengi ugomvi wao na wateja unatokana na kusubiri, mtu kakubaliwa "kwenda na kurudi" anakuja kugundua ni siku nzima. Na kama ni Ijumaa mwachie nafasi ya kwenda kuswali, kwani nyinyi wenyewe hamswali?

Mkiingia eneo la Jozani kuna matuta barabarani. Hayo yaliwekwa kwa ajili ya kima, walikuwa wakigongwa sana wanapovuka, kwa hiyo dereva anayelalamikia matuta mwambieni kwa upole apunguze mwendo tu.

Hatua ya 4: Pesa na vitambulisho

Bei za kiingilio zinabadilika kwa hiyo piga simu au tuma mtu aulize wiki hiyo hiyo, ila kanuni ni kwamba mwananchi analipa kidogo sana kuliko mgeni, na uthibitisho wa uananchi ni kitambulisho, siyo sura wala lafudhi. Kila mtu mzima abebe chake. Hapa familia za Unguja zina jambo lao, kuna mjomba kaja likizo toka Muscat, kazaliwa Vikokotoni lakini anashika pasi ya Oman, na huyu getini ni mgeni. Mwambieni mapema ajue, isije ikawa mjadala wa nusu saa mbele ya dirisha la tiketi na watoto wanaungua jua.

Kiingilio kinajumuisha mwongozaji, na usijaribu kumkwepa ukadhani utaona mwenyewe, macho yake yanaona kilichojificha juu mtini wakati wewe unaona majani tu. Bahashishi ni hiari, lakini kama amewachukulia watoto kwa subira na kuwajibu maswali yao mpe kitu. Chukua risiti, tiketi hizo hizo mtazihitaji kule mikokoni. Sehemu ya pesa inakwenda kwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na ni haki yao, maana kima wanakula mazao ya watu mashambani na mkulima ndo anayevumilia.

Hatua ya 5: Mavazi na mzigo

Viatu vya kufunika. Nasema tena, viatu vya kufunika, kandambili ziache kwenye gari mtazivaa Paje. Sababu ni siafu. Msitu ule una siafu na wakivuka njia wanavuka kwa mstari mpana mweusi, mtoto akisimama juu yao akiwa anatazama kima juu mtini, mtakachosikia kitawakimbiza na kima wenyewe. Suruali ndefu, soksi zivutwe juu ya suruali, haipendezi kwenye picha lakini inafanya kazi. Mkiona mwongozaji anaangalia chini na kuongeza mwendo, ongezeni mwendo msiulize.

Kofia kwa kila mtu, na siyo kwa ajili ya jua tu, ukisimama chini ya mti wenye kima ishirini juu yako, mambo mawili yanaweza kudondoka na hakuna hata moja zuri. Dawa ya mbu mpake kabla ya kushuka garini. Nguo za kubadilisha seti moja kwa kila mtoto, na mbili kwa yule mnayemjua. Kina mama, mkipita vijijini na hata Paje mbele ya watu, kanga au mtandio uwe karibu, wenyeji wanapenda heshima na watakupokea vizuri zaidi.

Mzigo wenyewe uwe mdogo: maji ya kutosha, plasta na dawa ya kidonda, taulo moja la mkono, tishu, simu yenye chaji. Darubini kama mnayo, hata ile ya kuchezea. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwa hiyo bebeni kikapu cha ukili au begi la kitambaa, na moja tupu kwa ajili ya taka zenu mrudi nazo.

Hatua ya 6: Chakula

Kanuni ya chakula ni moja, kinabaki garini mpaka mmalize msitu na mikoko. Ndani ya njia hakuna kula, hakuna kumlisha kima, hakuna ndizi mfukoni. Hasa ndizi. Watu wanadhani kima na ndizi ni kitu kimoja, kumbe kima punju chakula chake ni majani na matunda mabichi, tumbo lake lina vyumba vya kuchachusha majani na sukari ya tunda lililoiva inamletea shida kubwa. Yule kima mwengine, wa rangi ya kijivu, yeye ndo mwizi wa chakula, akiona mfuko anajua kilichomo.

Asubuhi kabla ya kuondoka watoto wanywe chai ya nguvu nyumbani, mkate wa kumimina, mayai, basi. Kwenye gari katlesi, sambusa, matunda yaliyokatwa, hivi vinafungwa vizuri na havimwagiki kwenye kona za Tunguu. Cha mchana kiwe kwenye hotpoti, pilau au wali wa nazi na samaki wa kukaanga, kwa sababu mkisema "tutakula hotelini Paje" mkumbuke hoteli nyingi kule zina bei za watalii na chakula kinachukua saa nzima kuja, mtoto mwenye njaa hana saa nzima. Juisi ya ukwaju au ya embe kwenye deli lenye barafu. Soda siku hiyo waacheni, mtu akishakunywa soda kinachofuata ni choo, na vyoo vipo getini tu, ndani ya njia hakuna.

Hatua ya 7: Siku yenyewe, msituni

Ondokeni mjini saa 12 na nusu, ikishindikana saa 1 kamili, mfike saa 2 hivi. Kima wanakuwa na shughuli asubuhi na jioni, mchana jua likipanda wanalala juu huko na mtakachoona ni mikia inayoning'inia. Mkifika, wote chooni kwanza, hata anayesema hana haja.

Mwombeni mwongozaji aanze na msitu mkubwa wakati watoto bado wana nguvu na kuna ubaridi. Mtapita kwenye mitondoo mikubwa yenye mizizi inayotambaa juu ya ardhi, michikichi, mikadi, na harufu ya udongo wenye maji. Waacheni watoto wanyamaze dakika moja tu wasikilize, hapo mjini hakuna kimya cha namna hiyo. Waambieni pia kwamba huu msitu una paa nunga, paa mdogo sana ambaye ni adimu, na komba wanaotoka usiku, lakini msiwaahidi, mkiahidi paa na paa asitokee safari nzima itakuwa ni kilio cha paa.

Mtoto mmoja atauliza kuhusu chui. Lazima. Na mzee mmoja ndani ya gari atakuwa ameshaanza zile habari za chui wa kufugwa na watu wanaowatuma usiku. Ukweli ni kwamba Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, wakawindwa sana, wataalamu wengi wakaamini ametoweka, alafu 2018 kamera ya wapiga filamu wa televisheni ikanasa mnyama anayedhaniwa kuwa ndo yeye. Muwape hivyo hivyo, inatosha kumfanya mtoto atembee karibu na wewe bila kulia.

Baada ya hapo ndo kima punju, na hapa msiwe na haraka, hapa ndo penyewe. Mgongo mwekundu wa kutu, mabega meusi, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso mweusi, midomo ya waridi. Kwa sababu wamezoea watu wanashuka chini kabisa, wanaruka kutoka mti hadi mti juu ya vichwa vyenu, na watoto wao wanacheza kugombania tawi. Mpeni kila mtoto kazi: ahesabu vidole. Kima punju hana dole gumba, au linakuwa kijinundu kidogo tu, ana vidole vinne virefu anavyoning'inizia. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe hatalisahau. Jengine la kuwahadithia, kima hawa wakila majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana vitu vinavyosumbua tumbo, wanatafuta mkaa wa kuni, wanauokota kwenye matanuri ya mkaa na kuutafuna, na mkaa unazuia ile sumu. Watafiti wamelichunguza hilo miaka ya tisini hapa hapa Jozani, na inasemekana watoto wao wanajifunza kwa kuwatazama mama zao.

Idadi yao, kwenye sensa ya Unguja nzima iliyotangazwa 2017, ilikuwa zaidi ya 5,800. Ni wengi kuliko ilivyodhaniwa kabla, lakini ndo hao hao tu dunia nzima, ukiacha kikundi kidogo kilichopelekwa Ngezi kule Pemba.

Kaeni mbali nao kama mita 3. Kima akija mwenyewe upande wenu rudini nyuma, msimguse, msimwite kwa miluzi, picha bila taa. Na anayetaka kupiga selfi kwa kumpa kima mgongo apige haraka, tusimame saa nzima kwa ajili ya picha moja ya status?

Mpaka hapo mmetumia saa moja na nusu, mbili hivi. Mrudishe bibi kwenye hesabu, maji kwa kila mtu, mwende mikokoni kwa gari.

Hatua ya 8: Mikoko

Mtapita kwanza ardhi ya matumbawe yenye vichaka, alafu ghafla mbao zinaanza na chini yake tope. Kama tarehe mliipanga vizuri saa hizi ni saa 4 na nusu, saa 5, maji yametoka.

Sasa hapa kuna namna. Watoto wakiingia kwa kishindo, mbao zinatetema, na kaa wote wanaingia mashimoni kwa mpigo, tope linabaki tupu. Familia nyingi zinapita hivyo, zinasema "hakuna kitu" na kutoka. Nyinyi simameni. Mshike kila mmoja mkono, mkae chini kwenye mbao, hesabuni kimya mpaka sitini. Kwanza anatoka mmoja mdogo, macho yamesimama juu ya vijiti viwili, anasubiri. Alafu wa pili. Alafu lile tope lote linaanza kusogea, na yule dume mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake anaanza kupungapunga kama konda anayeita abiria. Visamaki vinavyorukaruka kwenye tope navyo vinatokea, vinatembea kwa mapezi. Mtoto akinyanyua mguu tu wote wamezama tena, na mchezo huo wa kupotea na kutokea unaweza kuwachukua nusu saa bila mtu kuomba simu.

Wakichoka kaa waonyesheni miti. Mkoko wenyewe ndo ule wenye mizizi iliyoinuka juu, mchu ni ule ambao mizizi yake inachomoza kutoka kwenye tope ikielekea juu, inapumulia. Angalieni mbegu za mkoko, ndefu za kijani, zinaota zikiwa bado juu mtini, zikidondoka maji yakiwa yametoka zinachoma kwenye tope na kusimama hapo hapo, zikidondoka maji yakiwa yamejaa zinaelea kwenda kuota kwengine. Na kama nyumba yenu ni ya zamani, au ya bibi Ng'ambo au Mji Mkongwe, waambieni watazame dari wakirudi, yale maboriti ni miti hii hii, na majahazi yaliyapeleka mpaka Oman na Ghuba yote miaka na miaka. Leo ndani ya hifadhi hakatwi hata mmoja.

Mbao kukiwa na unyevu zinateleza, na pembeni siyo kila sehemu pana pa kushika, mtoto mdogo awe upande wa ndani.

Hatua ya 9: Mchana na Paje

Saa 6 muwe mmetoka. Kuleni, mswali adhuhuri, misikiti ipo njiani vijiji vyote, kama watoto wamelala garini waacheni walale. Kuna watu watawashauri mpitie na Kizimkazi kuona pomboo siku hiyo hiyo, mimi nasema hapana, pomboo ni safari ya alfajiri peke yake na ya kwake.

Paje mkifika saa 8 maji bado yanaingia. Msiwaache watoto watembee kwenye mashamba ya mwani, mtayaona kwa vijiti na kamba zilizofungwa chini ya maji, ile ni kazi ya kina mama wa pale na ndo pesa yao ya skuli. Viatu vya maji au hata raba za zamani vinasaidia, kuna vile vidude vyeusi vya miba chini. Kuanzia saa 9 na nusu maji yamejaa vizuri, hapo sasa waogelee na mtu mzima mmoja asiwe na simu mkononi, kazi yake kuhesabu vichwa tu. Mkae mbali na wanaorusha yale matiara makubwa ya upepo, kamba zake hazioni mtoto.

Saa 11 kasoro muanze kukusanya vitu, maana kukusanya vitu na watoto ni nusu saa, mfike mjini na magharibi. Kabla ya kulala wapitisheni watoto mkono kwenye nywele, nyuma ya masikio na kwapani kuangalia kupe.

Mambo machache ya ziada

Mvua ikianza mkiwa msituni ni kivuli cha miti na subira, mara nyingi inapita. Ikiwa inanyesha tangu alfajiri, ahirisheni, bamvua jengine linakuja baada ya wiki mbili tu. Pesa ya gari ndo ya kujadiliana na dereva mapema, ikiwa mvua anarudisha au anahamisha siku.

Ramadhani sipangi kabisa safari ya watoto hivi, kula hadharani haipendezi na wakubwa wamefunga jua linawamaliza. Sikukuu nako Jozani na Paje kunajaa, kama mnataka utulivu subirini wiki ya pili yake. Na katikati ya Julai mjue barabara ya kusini inakuwa na watu wa Mwaka Kogwa wanaokwenda Makunduchi.

Kwa wanaotoka Dar: msijaribu kwenda na kurudi siku moja. Boti ya asubuhi inachukua kama saa 2, mshuke, mtoke bandarini, mpate gari, mtaingia Jozani saa 5 na kima wameshapanda kulala, na boti ya kurudi inawaita kabla hata Paje haijajaa maji. Njooni Ijumaa alasiri, laleni mjini, Jumamosi muondoke na wenzenu alfajiri, Jumapili ndo mrudi. Vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe kwenye begi la mkononi, siyo ndani ya lile begi kubwa mnalolikabidhi bandarini.